Mashine haijui mwembe, iambie wewe

Nina mjomba huko Ndera, kando ya Mto Tana, ambaye hajawahi kuiamini kompyuta hata siku moja. Mjomba ni seremala wa jadi. Tezo, randa na patasi ndizo zilizomwezesha kuoa na kuwasomesha watoto wake wote. Kwa hivyo kitinda mimba wake aliporudi kutoka chuoni akiwa amekumbatia mashine ndogo ya kuchonga mbao inayoongozwa na kompyuta, mzee alitikisa kichwa tu, akaenda zake shambani.

Mwezi uliopita nilifika huko kwa matayarisho ya harusi ya binti yake. Nilikuta nyumba imenuna.

Kisa chenyewe ni hiki. Miaka kadhaa nyuma, mto ulifurika ukamega ukingo na kuuangusha mwembe uliopandwa na marehemu babu. Mjomba aliupasua mbao, akaziweka zikauke polepole kivulini, akisema kwamba siku moja zitakuwa sanduku la bi harusi. Sanduku alilitengeneza kwa mikono yake. Kifuniko alimwachia kijana, tena baada ya kubembelezwa sana na mkewe. Kijana akachora nakshi, akaufunga ubao, akabonyeza kitufe. Kufumba na kufumbua, biti ilichimba mtaro katikati ya ubao, ikakatika vipande viwili.

"Nilikwambia," mzee akanena. "Mti hausomwi kwenye kioo."

"Baba, mashine ndiyo iliyoharibika," kijana akajitetea.

Mashine haikuwa imeharibika. Ilifanya sawasawa na ilivyoagizwa. Hapo ndipo penye somo la leo kwa vijana wetu, na kwa wazazi wanaoombwa pesa za kununulia vyombo hivi.

MIKONO MITATU

Mashine za aina hii huitwa CNC. Si mambo mapya. Mnamo 1952 wataalamu wa chuo cha MIT, Marekani, walionyesha mashine ya kukatia chuma iliyosoma maagizo kutoka kwenye utepe uliotobolewa matundu. Siku hizi zipo ndogo zinazotoshea juu ya meza ya chai. Ile ya binamu yangu hujulikana kama 3018, kwa sababu eneo lake la kazi ni kiasi cha sentimita 30 kwa 18.

Mchoro hupitia mikono mitatu kabla ya kuwa nakshi. Wa kwanza ni programu ya kuchorea, kwa mfano Inkscape, ambayo ni ya bure. Wa pili ni programu ya CAM. Hii huuchukua mchoro na kuamua biti ipite wapi, ishuke kiasi gani na iende kwa kasi gani, kisha huandika uamuzi huo kwa mistari ya herufi na tarakimu iitwayo msimbo wa G. Wa tatu ni programu ya kutuma, kama vile Candle au Universal Gcode Sender, inayoipelekea mashine mistari hiyo mmoja baada ya mwingine.

Vijana wengi hudhani hao watatu ni mmoja, na kazi ikiharibika hawajui wamshike nani. Aghalabu mwenye makosa ni huyo wa katikati, yaani CAM, au tuseme yule aliyeijaza maelezo.

IPI YA KUCHAGUA?

Nilipomuuliza binamu yangu kwa nini alichagua programu aliyokuwa nayo, alinijibu kwamba ndiyo waliyoitumia wenzake Nairobi. Nguo ya kuazima, msomaji, haisitiri matako. Nairobi si Ndera. Huku mtandao huja na kuondoka kama mgeni asiyeaga, na bando ni pesa ambazo zingenunua unga.

Kabla hujachagua, jiulize maswali manne. Je, itafanya kazi pasipo intaneti? Je, faili zangu zitakaa kwangu au kwa wenyewe? Je, kompyuta yangu kuukuu itaibeba? Je, inaijua lugha ya mashine yangu?

Programu ya Easel, ya kampuni ya Inventables, ni rahisi mno kwa anayeanza, lakini hutumika kupitia intaneti. Fusion ya Autodesk ina uwezo mkubwa, na ipo leseni ya bure kwa matumizi ya kibinafsi. Hata hivyo leseni hiyo ilipunguzwa mnamo Oktoba 2020. Hati unazoweza kuzifanyia kazi kwa wakati mmoja zikawa 10 tu, na ule mwendo wa haraka biti ikiwa hewani ukaondolewa, hivyo kazi huchukua muda mrefu zaidi. VCarve ya Vectric husifiwa na wachongaji wa maandishi na nakshi, na hukaa ndani ya kompyuta yako, ila ni ya kununua.

Kwa asiye na kitu, ziko mbili za bure kabisa. Kiri:Moto hufunguliwa kwenye kivinjari, lakini ikishapakiwa hufanya hesabu zake ndani ya kompyuta yako yenyewe. FreeCAD huwekwa kwenye kompyuta moja kwa moja, iwe ya Windows, Mac au Linux, na toleo lake la 1.0 lilitoka Novemba 2024. Katika toleo hilo, sehemu iliyokuwa ikiitwa Path ilipewa jina la CAM, kwa hivyo usishangae ukisoma mafunzo ya zamani ukaona jina jingine. Sitakuficha: FreeCAD ni ngumu kujifunza. Wiki ya kwanza utaitukana. Lakini ukishaizoea ni yako, haidai bando wala ada.

Binamu yangu alipanda gari hadi Garsen, ambako mtandao ni afadhali, akaipakua FreeCAD pamoja na masomo yake, akarudi nayo nyumbani.

KUIJAZA MAELEZO

Usiku ule tuliketi pamoja, mimi mwandishi nisiyesomea uhandisi na yeye aliyesomea. Tukatafuta kosa lilikuwa wapi. Halikuwa mbali.

Kila kazi ya CAM ina mahali pa sifuri, yaani pale inapoanzia kupima. Kijana aliiambia programu kwamba sifuri ya kimo ni uso wa juu wa ubao. Alipofika kwenye mashine, akagusisha biti kwenye meza, chini ya ubao, akasema hapo ndipo sifuri. Ubao ulikuwa na unene wa milimita 18. Programu ilipoiagiza biti isafiri "juu kwa usalama", milimita 5 juu ya sifuri, kumbe ilikuwa ikisafiri ndani ya mbao! Biti gani isingekatika?

Basi andika ukutani: sifuri ya CAM na sifuri ya mashine ziwe mahali pamoja.

La pili ni vipimo. Hakikisha kila programu inatumia milimita. Inchi moja ni milimita 25.4, na mkanganyiko hapo huweza kugeuza sinia likawa kifungo cha shati.

La tatu ni mkalimani. Programu ya CAM huwa na orodha ya lugha za mashine mbalimbali, inayoitwa posti-prosesa. Mashine nyingi za 3018 huendeshwa na GRBL, programu ya bure iliyoanzishwa mnamo 2009 na Simen Svale Skogsrud wa Norway. Ukichagua lugha nyingine, mashine itakataa baadhi ya maagizo. Kadhalika, GRBL ya kawaida haijui kubadilisha biti. Kwa hivyo kila biti iandikiwe faili yake.

La nne ni kasi, na hapa ndipo mjomba alipotusogelea, kikombe cha chai mkononi, akijifanya anapita tu.

Hesabu yake si ngumu. Chukua mizunguko ya mota kwa dakika, zidisha kwa idadi ya meno ya biti, zidisha tena kwa unene wa kibanzi unachotaka kila jino likate. Mota yetu huzunguka kama mara 10,000 kwa dakika, na biti ina meno mawili. Tukichukua kibanzi cha milimita 0.03, tunapata milimita 600 kwa dakika.

"Na hicho kibanzi umekipata wapi?" mjomba akauliza.

Binamu yangu akanyamaza. Alikuwa amekinakili kutoka kwenye jedwali la watu wa ng'ambo, wanaochonga misonobari.

"Mwembe huu una nyuzi zinazopishana," mzee akasema, akiupapasa ubao. "Ukiuendea pupa unanyofoka. Ungekuwa mathenge, ungeuma zaidi."

Mathenge, kwa wasioujua, ni ule mti wa miiba ulioletwa kwenye mradi wa unyunyizaji wa Bura miaka ya 1980, ukaenea Tana River hadi ukawa kero. Mbao yake ni ngumu sana. Hakuna programu itakayokupa habari hiyo isipokuwa umeiambia wewe mwenyewe. Tuliamua biti ya milimita 3.175 ishuke nusu milimita tu kwa kila mpito. Kwa mathenge tungepunguza hata hapo.

Mjomba akatupa kipimo chake: "Msikilize mlio, mtazame kinachotoka. Yakitoka maranda, mnachonga. Ukitoka unga, mnasaga." Naam, ndivyo hata wahandisi wasemavyo. Biti inayosaga badala ya kukata hupata moto na kuwa butu.

JARIBU KWANZA

Kabla ya kugusa ubao wa thamani, iagize mashine isogee milimita 100, kisha upime kwa rula. Yetu ilisogea 98. Ndani ya GRBL kuna tarakimu ya hatua kwa kila milimita. Yetu ilikuwa 800. Tukazidisha 800 kwa 100, tukagawanya kwa 98, tukapata 816.3. Tukaiandika, na kipimo kikakaa sawa.

Kisha endesha kazi nzima hewani, biti ikiwa juu ya ubao, uone njia zake. Halafu chonga kwenye kipande kisicho na maana. Zima ile tabia ya kompyuta kulala usingizi, kwani ikilala katikati ya kazi, mashine nayo hupotea njia. Kama umeme wako ni wa jua, gawa kazi iwe faili fupifupi. Mwisho, vaa miwani na kitambaa cha kuzuia vumbi, watoto wakae kando, wala usiiache mashine ikifanya kazi peke yake.

Siku ya tatu tuliufunga ubao wa pili, wa mwisho uliobaki wa mwembe wa babu. Sikuona mtu aliyepumua. Mashine iliguna polepole, maranda yakamwagika, na baada ya saa mbili na ushei nakshi ilikuwa imetokea, safi, ila pembe za ndani zilikuwa za mviringo. Hilo halina dawa kwa biti kama yetu. Biti ni duara, haiwezi kuacha kona kali.

Binamu yangu aliiinua patasi ya babake, akampa kwa mikono miwili. "Baba, hapa pako."

Mzee aliketi nayo mpaka magharibi, akizinoa kona moja moja. Hakusifu kitu. Lakini kesho yake asubuhi nilimkuta ameegemea bega la mwanawe mbele ya kompyuta, akiuliza mlango wa Lamu wenye maua una tarakimu ngapi.

Mzazi mwenzangu, kijana akikuomba mashine, muulize kwanza programu gani na kwa nini. Nawe kijana, ukishaipata, usimpite mzee mwenye randa. Anayo maelezo ambayo programu inayasubiri.