Mwanamke Apimwe kwa Mwili Wake

Toleo hili la jarida letu linahusu upasuaji kwa wanawake ambao ini lao limeharibika kupindukia. Msimamo wangu ni kwamba tumewapima kwa mizani isiyo yao.

Tazama MELD, hesabu iliyoanza kutumika Marekani mwaka 2002 kupanga nani atangulie kupandikizwa ini. Iliangalia bilirubini, uwezo wa damu kuganda, na kreatinini, ambayo hutokana na misuli. Mwanamke aliyekonda mikono huku tumbo limejaa maji anaweza kuwa na figo zinazoelekea kushindwa, lakini jibu la maabara likasoma miligramu 1 kwa desilita. Kwa hesabu ile, kiwango hicho hakimwongezei hata alama moja. Basi wanawake wakabaki nyuma kwenye foleni, na hatari yao ya kufa wakisubiri ikawa kubwa kuliko ya wanaume. Ni Julai 2023 tu ndipo MELD 3.0 ilipoanza kutumika huko, nayo humwongezea mwanamke alama 1.33. Zaidi ya miaka 20!

Kwenye homoni bado tuko nyuma. Tunajua kwamba kwa mwanamume mwenye sirosisi, testosteroni ikishuka misuli huyeyuka na hatari ya kufa hupanda. Jaribio la Melbourne lililochapishwa mwaka 2016 liliwapa homoni hiyo baadhi ya wagonjwa kwa mwaka mzima na misuli yao ikaongezeka. Washiriki 101, wote wanaume. Mwanamke naye ana testosteroni, naye hukonda, na baada ya kisu anahitaji misuli hiyohiyo ili apumue vizuri na kuinuka kitandani. Kiwango chake kilikuwa kipi kabla ya upasuaji? Mara nyingi faili halisemi. Hata tarehe ya hedhi ya mwisho haimo.

Kutojali huko kuna madhara. Ini likiugua sana, hedhi ya wengi hukatika. Likipandikizwa jipya, hurudi, mara nyingi ndani ya miezi michache. Asiyeonywa anaweza kushika mimba akiwa bado anatumia maikofenoleti, dawa inayomdhuru mtoto tumboni. Wapo wanaorudi kutoka India na ini jipya, na kliniki zetu ndizo zinazowapokea.

Kwa hiyo, ndugu waandishi, tenganisheni matokeo ya wanawake na ya wanaume. Andikeni hali ya hedhi na viwango vya homoni, kabla ya upasuaji na baada yake. Makala isiyo na hayo tutairudisha.