Vino Mdomoni, Uraka Uvunguni

Siku hizi hapa Shangani kijana akitaka aonekane kaiona dunia anakariri majina ya vileo kwa Kihispania. Cerveza ni bia. Vino tinto, mvinyo mwekundu. Ron ni ramu. Daftari zima! Sina ugomvi na Kihispania, wala na mnywaji. Ugomvi wangu ni hadithi tunazoandika baada ya hapo. Mhusika kazaliwa Mtwara, kavua samaki Msimbati, lakini akikaa kunywa anaagiza vino tinto. Uraka haupo. Tembo la mnazi halipo. Kwani tunamwandikia nani, jamani?

Na mvinyo mnaouona wa kishamba ni vinho ya Wareno, ndugu yake vino tumbo moja!

Tena mnakariri nusunusu. Chukueni aguardiente, mlipasue: agua, maji, ardiente, yenye kuwaka. Maji yawakayo, basi. Mtu kaonja, koo likawaka, akasema alichokisikia, na leo neno limebandikwa kwenye chupa za dukani. Sisi tunayo moshi, jina la namna ile ile. La kwetu likaishia kwenye sheria ya mwaka 1966, ya kukataza kuikeneka bila leseni.

Halafu tazameni mabibo yanayooza chini ya mikorosho kila msimu. Mkorosho asili yake Brazili. Wareno waliuleta pwani yetu, wakaupeleka na Goa. Huko Goa kileo cha mabibo cha mkeneko wa kwanza kinaitwa urrak. Someni tena: urrak. (Wao wanakeneka, sisi twaiacha juisi ichachuke tu.) Kikikenekwa zaidi kinakuwa feni, na mwaka 2009 feni ilisajiliwa India kuwa jina la Goa, wa kwingine asilichezee. Sisi uraka tunaunong'ona kama tusi.

Mtanijibu gongo linapofusha na kuua. Kweli, na silipigii debe. Lakini yule mama anayekamua mabibo apate sare za mwanawe, mbona kwenye hadithi zetu anatokea siku ya kukamatwa tu? Niandikieni moja ambamo anauza uraka wake, anamfukuza mlevi mwenye deni, anahesabu pesa, anafunga mlango, analala.