Lugha ya Kutungia: Kilatini, Wimbo na Woga wa Walimu

Kuna itikadi iliyokita mizizi miongoni mwa walimu wa lugha kongwe kwamba lugha isiyo na wazungumzaji wazawa ni ya kusomwa tu, si ya kutungia. Kwa mujibu wa itikadi hii, mwanafunzi wa Kilatini hutoshelezwa na kamusi na majedwali ya minyambuliko. Akithubutu kutunga ubeti huambiwa anacheza, na akiimba huambiwa amekosea darasa. Itikadi hii yapasa kukataliwa, tena si kwa kuwahurumia wanafunzi waliochoshwa na majedwali, bali kwa kuwa inakiuka maumbile ya Kilatini chenyewe.

Katika Kilatini, urefu wa irabu hubainisha maana. Neno "malum" likitamkwa kwa "a" fupi ni uovu. "A" hiyo ikirefushwa, ni tofaa. "Venit" yenye "e" fupi ni "anakuja". Yenye "e" ndefu ni "alikuja". Maandishi ya kawaida hayaonyeshi tofauti hii. Ushairi wa Kilatini cha kale nao umesimama juu ya msingi uo huo: silabi ndefu na fupi hupangwa kwa utaratibu maalumu, wala vina si sharti. Mhakiki aliyelelewa katika mizani ya Kiswahili hana budi kutahadhari hapa, kwani Kiswahili huzihesabu silabi ilhali Kilatini huzipima. Kwa hilo Kilatini kimekaribiana zaidi na arudhi ya Kiarabu aliyoiratibu Al-Khalil bin Ahmad katika karne ya 8. Basi mtu atapimaje kwa macho kitu ambacho ni muda?

Conrad Celtis alilifahamu jambo hili. Alipofundisha katika Chuo Kikuu cha Ingolstadt, Ujerumani, wanafunzi wake waliziimba tungo za Horace mwishoni mwa mihadhara. Mwaka 1507 muziki wa tungo hizo, kazi ya mwanafunzi wake Petrus Tritonius, ulichapishwa mjini Augsburg. Sauti nne zilikwenda pamoja, silabi ndefu ikipewa noti iliyo maradufu ya ile ya silabi fupi. Hapakuwa na madoido. Muziki ulikuwa sarufi yenyewe ikisikika, na aliyekosea irabu aliachwa nyuma na wenzake papo hapo. Ni mtihani gani wa maandishi ufichuao kosa upesi namna hiyo?

Wapinzani hutaja, na si bila haki, mazoezi ya utunzi katika shule za Ulaya za karne ya 19: vijana walipekua Gradus ad Parnassum, kamusi ya urefu wa silabi, wakaunga maneno kama fundi aungaye vigae. Mengi ya hayo yalikuwa takataka. Lakini dosari ilikuwa kutunga bila sikio, si kutunga. Arthur Rimbaud alituzwa kwa shairi la Kilatini mwaka 1869, akiwa na umri wa miaka 14. Miaka mitatu baadaye Waziri wa Elimu wa Ufaransa, Jules Simon, akaliondoa zoezi hilo shuleni. Tafsiri ikabaki kutawala, nayo humruhusu mwanafunzi kukisia maana kutokana na muktadha pasipo kulitambua umbo aliloliona. Mtunzi hana pa kujificha: njeo, uhusika wa nomino na urefu wa irabu, vyote lazima avichague mwenyewe.

Muziki nao una marafiki wabaya. Wapo waimbishao minyambuliko kwa lahani za chekechea, wakizirefusha irabu fupi ili zitoshee, kana kwamba wimbo ni sukari ya kumezea dawa. Hao hufundisha makosa kwa sauti tamu, na makosa ya namna hiyo hayasahauliki.

Katika Academia Vivarium Novum, karibu na Roma, tungo za kale huimbwa hadi leo kwa kufuata mapigo yake, na Kilatini huzungumzwa. Anayeshikilia kwamba lugha hii ni ya macho tu na apewe ukurasa mmoja wa Horace usio na alama za irabu, ausome kwa sauti mbele ya wanafunzi wake.