Majani Saba ya Mwarobaini ni Mangapi?



Ndugu wasomaji, wazazi wenzetu wa Arua, Koboko na kwingineko, safari hii tunaomba tuzungumzie jambo ambalo wengine wataliona dogo mno, nalo ni jani. Tunajua wengi mlitegemea tuendelee na mada ya malezi. Hii nayo ni malezi, maana ilianza na mtoto aliyetapika usiku kucha, na sisi tukiwa na mkono wetu ndani yake.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwaka jana wakati wa mvua, mama mmoja wa Koboko alitupigia simu jioni. Mwanawe wa miaka sita alikuwa na homa. "Maalim," akasema, "naambiwa mwarobaini unasaidia. Nichemshe kiasi gani?" Nasi, bila kutafakari, tukamjibu kama tulivyozoea kusikia nyumbani tangu utotoni: "Majani saba, mama, kwa vikombe viwili vya maji. Yakipoa umpe." Tukakata simu, tukaenda kuswali Magharibi huku tumeridhika kwamba tumemsaidia mja wa Allah.

Alfajiri simu ikalia tena. Mtoto alikuwa ametapika hadi akaishiwa nguvu, na mama alikuwa njiani juu ya bodaboda kumpeleka kituo cha afya. Huko wakamtoboa kidole, wakapima, wakakuta malaria, akapewa dawa. Alhamdulillah, baada ya siku tatu alikuwa anakimbizana na wenzake. Hatuwezi kusema kwa yakini kwamba uchungu ule ndio uliomtapisha, kwa sababu malaria yenyewe hutapisha. Lakini tulipokwenda kumjulia hali, mwendo wa kilomita kama 55 kutoka Arua, tulimwomba mama atuonyeshe alichochemsha. Sufuria ilikuwa bado haijaoshwa. Ndani yake mlikuwa na rundo!

"Si ulisema saba, Maalim? Hesabu."

Tukahesabu. Zilikuwa nyuti saba, kila mmoja mrefu kama mkono kutoka kiwiko hadi kwenye vidole, na kila mmoja ulikuwa na vipande vyake vidogo pande zote mbili. Nyumbani kwetu Arua, haboba wetu (ndivyo Wanubi tunavyowaita bibi zetu) alipokuwa akisema "jani" la mwarobaini alikuwa na maana ya kile kipande kimoja kidogo, kilichochongoka kama ncha ya mkuki, chenye kingo za meno meno. Saba wake walienea kiganjani. Saba wa yule mama walijaza sufuria. Mti ni ule ule, neno ni lile lile, hesabu ni ile ile.

Sasa ni nani aliyekosea? Ndugu zetu, hapa ndipo palipotutia aibu. Kwa elimu ya mimea, mama alikuwa sahihi. Sisi ndio tuliokosea, pamoja na haboba, Allah amrehemu.

Jani la mwarobaini ni ule uti mzima pamoja na vyote vilivyo juu yake. Una urefu wa sentimita 20 hadi 40, na hubeba vipande 20 hadi 30. Vile vipande si majani, ni sehemu za jani moja. Kiswahili kimetubana kidogo hapa, kwa sababu jani dogo lingeitwa "kijani", na kijani kwetu ni rangi. Kwa hiyo katika makala hii tutasema kijijani, na vikiwa vingi, vijijani. Jani lenye kipande kimoja tu, kama la mwembe au la mpera, ni jani sahili. Lililogawanyika vijijani ni jani ambatani. Basi mpigie hesabu mtu aliyeambiwa majani saba akachemsha majani kamili: amechemsha vijijani 140 hadi 210. Mwenzake aliyehesabu vijijani amechemsha saba. Tofauti ni mara 20 hadi 30. Hakuna dawa ya dukani ambayo mzazi angekubali ipimwe namna hiyo.

Tunajuaje kwamba hili ni jani na hiki ni kijijani? Njia ni rahisi na mtoto wa miaka minane anaiweza. Tafuta jicho. Kila jani, pale kikonyo chake kinapoungana na tawi, huwa na kwapa, na ndani ya kwapa hilo mna jicho, yaani kichipukizi kidogo kinachoweza kuwa tawi au ua. Kijijani hakina jicho kwapani. Shika kipande unachokishuku, fuata kikonyo chake kushuka chini. Usipoona jicho, endelea kushuka hadi ulione. Hapo ndipo jani linapoanzia. Alama ya pili ni kwamba tawi lina ncha inayoendelea kukua, lakini uti wa jani hauna. Uti wa mwarobaini ukishafika mwisho umefika, na mara nyingi hata kile kijijani cha nchani hakipo.

Mwanafunzi wetu mmoja alitufundisha hili kwa hasara yake. Alileta madrasa "tawi" la mwarobaini, akalichomeka kwenye kopo la udongo na kulimwagilia kila siku baada ya darasa la Alasiri kwa majuma mawili. Halikuota, likakauka. Alikuwa amepanda jani. Halina jicho hata moja, lingechipua wapi? Wenzake walimcheka, na tuliwakemea, kwa sababu nusu yao wangefanya vivyo hivyo. Mwarobaini unapandwa kwa mbegu, tena mbichi mbichi, kwani zikikaa sana hazioti.

Tangu hapo tukaanza kuwatoa watoto nje mara moja kwa juma, dakika ishirini hivi, kutazama bustani. Wazazi wawili watatu walilalamika kwamba wamewaleta watoto kujifunza dini, si ukulima. Tunawaheshimu, lakini hatukubaliani nao. Watoto hawa hawa tunawasomesha Suratul An'aam, na katika aya ya 59 limetajwa jani linaloanguka, kwamba halianguki ila Mola analijua. Siku tuliyofika hapo msichana mmoja akauliza: "Maalim, mjakaranda ukipukutisha vile vidogo vidogo, halafu baadaye uti nao ukaanguka, jani limeanguka mara ngapi?" Mtoto anayeuliza hivyo ameisoma aya kuliko anayeikariri tu. Tulimwambia kwamba elimu ya Mola imevizunguka vyote viwili, cha kuhesabika na cha kutupwa. Kisha tukatoka nje tukautazama mti.

Bustani zetu za West Nile zimejaa mifano. Mlonge, ambao kila mtu siku hizi anausifu, una jani lililogawanyika, kisha migawanyo ikagawanyika tena, na mara nyingi tena. Akina mama wanaoparura mlonge kwa vidole ili kutoa mboga wanavua vijijani, na uti wanautupa. Mgagani kwa kawaida una vijijani vitano vinavyotoka mahali pamoja kama vidole vya mkono. Kunde, ambazo Walugbara wanapika majani yake na kuyaita osubi, ni vijijani vitatu. Maharage ni vitatu pia, lakini hapa kuna mtego mzuri kwa watoto: mharage ukishaota, majani mawili ya kwanza juu ya zile nusu mbili za mbegu ni sahili, kipande kimoja kimoja. Ni yale yanayofuata ndiyo yenye vitatu. Basi ukiambiwa palilia maharage yakiwa na majani matatu, na wewe ukahesabu vijijani, utaingia na jembe mapema mno. Pandeni mbegu tano kwenye kopo barazani muone wenyewe.

Muhogo ndio unaowaangusha wengi, na si watoto peke yao. Tumesikia mtu mzima akifundisha kwamba jani la muhogo ni ambatani kwa kuwa lina vidole. Sivyo. Vidole vyake vimekatika sana lakini kule katikati, juu ya kikonyo, vimeshikana bado. Huwezi kuchomoa kimoja kikatoka kizima bila kuchana mwenzake. Ni jani sahili lililochanika, kama la mpapai. Kwa mgagani, au kwa msufi, kila kidole kinang'oka peke yake kwenye kiungo chake. Jaribuni kwa kucha.

Na wenye kupenda mawaridi mbele ya nyumba, jambo hili linawahusu vilevile. Waridi lina jani ambatani, mara nyingi la vijijani vitano au saba. Ukikata tawi ili lichipue upya, kata juu kidogo ya mahali jani zima linapoungana na shina, kwa kuwa jicho liko pale. Ukihangaika na vijijani hutapata kitu.

Turudi kwenye dawa, kwa maana hapo ndipo tulipo na deni. Wengi wetu tumesikia habari ya majani saba ya mkunazi, yanayotwangwa na kutiwa kwenye maji ya kisomo, na mkunazi ndio unaojulikana pia katika kuosha maiti. Sasa tazameni: tawi jembamba la mkunazi limepangwa majani kushoto na kulia hata linafanana sana na jani ambatani la mwarobaini. Lakini ukitafuta, kwapani mwa kila jani utakuta jicho, na penye jicho pana miiba. Kwa hiyo kila kipande ni jani kamili, sahili, lenye mishipa mitatu inayoanzia chini. Saba za mkunazi ni saba kweli, hazina utata. Tunadhani, na hii ni rai yetu tu, kwamba watu wa kwetu walichukua hesabu ile ya saba wakaihamishia kwenye mwarobaini kwa kuwa mwarobaini uko nyuma ya kila nyumba na mkunazi hauko. Hesabu ikahama, lakini jani halikuwa la aina ile.

Sisi walimu wa madrasa tunaulizwa mambo mengi kwa simu, na watu wanatuamini. Mama yule hakumuuliza muuguzi kwanza, alituuliza sisi. Ndiyo maana tunasema wazi kwamba asiyeweza kueleza jani ni lipi asitaje idadi ya majani. Na hata anayeweza, tunamshauri asimpangie mtoto mwenye homa. Mwarobaini si maji. Mwaka 1981 madaktari wa Malaysia waliandika juu ya watoto wadogo waliodhurika vibaya baada ya kunyweshwa mafuta ya mbegu zake. Ni kweli mafuta ya mbegu si chai ya majani, lakini ni mti mmoja, na mtoto ni mtoto. Wajawazito nao wanaonywa wasiutumie.

Kuna watakaotuambia tumeukana utamaduni, kwamba wazee walikunywa mwarobaini na wakaishi. Hatuukani. Tunajua hata dawa ya malaria inayotolewa kwenye vituo vyetu ina asili ya mmea, ule mpakanga wa China, na mama wa Kichina aliyeichunguza, Tu Youyou, alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2015. Lakini dawa ile imepimwa kwa miligramu kulingana na uzito wa mtoto. Hakuna aliyemwambia mzazi ahesabu majani. Na wazee wetu wenyewe walikuwa makini kuliko sisi: haboba alikuwa akichuma mwenyewe, kwa mkono wake, mbele ya macho yetu. Hakutoa maelekezo kwa simu kwa mtu wa kilomita 55. Neno lake lilikuwa na makosa lakini mkono wake haukukosea. Sisi tulilichukua neno tukauacha mkono.

Yule mama tulimwomba radhi, na yeye akatukaribisha chai, ya majani ya chai, akatuhakikishia huku akicheka. Mwanawe sasa amehamia darasa letu la Jumamosi anapokuja Arua kwa shangazi yake. Juzi alileta jani la mlimau. Akatuonyesha kwamba kikonyo chake kina vibawa vidogo kandokando, na pale vibawa vinapokutana na jani pana kiungo, kama kile cha kijijani. Akauliza kama ni sahili au ambatani.

Tukamwambia wataalamu wanalihesabu kuwa ni jani ambatani lililobaki na kijijani kimoja tu. Hakuridhika. Wakubwa wake wakajitokeza, wawili upande huu, watatu upande ule, na kengele ya Adhuhuri ikawakuta bado wamelizunguka lile jani juu ya meza.

Wassalaam alaykum.