Tusizike Kompyuta Zingali Hai

Kompyuta mpakato ikishatimiza miaka sita au saba, ikaanza kukawia kuwaka asubuhi, na feni yake ikawa yavuma mfululizo ilhali mwenyewe haandiki ila barua ya kurasa mbili, huwa imekwisha hukumiwa. Mwenyewe hunena kuwa imekufa. Ofisi huitia katika orodha ya mali chakavu. Shule huirundika stoo pamoja na madawati yaliyovunjika miguu. Kisha fedha, ambazo aghalabu hazipo, hutafutwa kwa kila tadbiri ili inunuliwe nyingine mpya. Hukumu hiyo naipinga, kwa kuwa mara nyingi hutolewa kabla hata kifuniko cha mashine hakijafunguliwa, na kwa kuwa hasara yake humwangukia mtu asiye na uwezo wa kuibeba, yaani mwanafunzi, mwalimu, karani na mfanyabiashara mdogo.

Maradhi yaliyo makubwa kuliko yote ni ya diski. Kompyuta nyingi za umri huo zilitoka kiwandani na diski ya kuzunguka, ambayo ndani yake mna sahani nyembamba iliyopakwa sumaku, izungukayo mara 5,400 kwa dakika chini ya kichwa kidogo cha kusomea; na kila habari inayotakiwa, sharti kichwa kiifuate ilipo, kisha kingoje sahani iizungushe mpaka ifike chini yake. Kungoja huko huchukua takriban sehemu 15 katika sehemu 1,000 za sekunde, muda ambao binadamu hawezi kuuhisi. Lakini kompyuta inapowaka husoma maelfu ya vipande vidogo vilivyotawanyika huku na huko, na kungoja kudogo kukizidishwa kwa maelfu ndiko kumfanyako mtu awashe mashine, atengeneze chai, ainywe, na arudi aikute mashine ingali haijawa tayari. Diski ya SSD haina kitu kizungukacho ndani yake, nayo hutoa habari kwa muda wa sehemu moja tu katika sehemu 10,000 za sekunde.

Kwa kutolijua jambo hilo, wengi huipeleka mashine kwa fundi wakamwambia apige Windows upya. Fundi hupiga, mashine huchangamka kwa siku chache, kisha huirudia hali yake ya kwanza, maana kilichobadilishwa ni programu na kilichochoka ni chuma. Chukua mfano wa ThinkPad T430 ya mwaka 2012, mashine iliyotengenezwa kwa ajili ya maofisi na ambayo wanunuzi wa kompyuta zilizotumika waifahamu vema. Betri yake hutoka kwa kusukuma lachi kwa kidole. Parafujo moja ikifunguliwa, kifuniko kidogo cha ubavuni huachia, na diski ya inchi 2.5 huvutwa nje. Kisha SSD ya kipimo kile kile, yenye kiungio kile kile cha SATA, husukumwa mahali pake. Ubongo wa mashine ni ule ule, kioo ni kile kile, wala kibodi haikuguswa. Ila mashine iliyokuwa ikiwaka kwa dakika tatu au nne sasa huwaka kabla mtu hajamaliza kuvuta kiti na kuketi vizuri. Sijui matengenezo mengine ya kompyuta yaletayo faida kubwa namna hiyo kwa gharama ndogo kiasi hicho.

Baada ya diski hufuata RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya mashine. Mashine yenye GB 4, iliyotosha katika zama zake, leo hulemewa na kurasa chache tu za intaneti zikiwa wazi, na ikilemewa huanza kuyahamishia mambo kwenye diski, kukawia kukazidi juu ya kukawia. T430 ina nafasi mbili za RAM na huchukua hadi GB 16. Kwa mtu wa kawaida GB 8 humtosha. Hapa hadhari ni lazima. RAM ya DDR3 na ile ya DDR4 pengo lililokatwa baina ya meno yake halikai mahali pamoja, hivyo haziingiliani hata mtu akilazimisha, na heri asilazimishe. Lakini DDR3 na DDR3L huingia katika nafasi moja bila kizuizi, ilhali ya kwanza yataka umeme wa volti 1.5 na ya pili volti 1.35, na mashine nyingi zilizokuja tangu mwaka 2013 huikataa ile ya kwanza. Mnunuzi mwenye busara huitoa RAM ya zamani, akaenda nayo dukani, akailinganisha karatasi yake na ya ile mpya mbele ya muuzaji. Tena, kabla ya kununua, yafaa kwanza RAM iliyomo itolewe na meno yake yasuguliwe polepole kwa kifutio safi cha mwanafunzi, kama wafanyavyo mafundi wetu, kwa sababu kompyuta isiyowaka kabisa, hasa katika miji yetu ya pwani ambako hewa ina unyevu na chumvi, mara nyingine haikuwa na maradhi ila utando uliofanyika juu ya meno yale.

Joto nalo halina budi kutajwa kwa urefu, maana huku kwetu ndilo liziualo mashine nyingi kwa siri. Fungua kompyuta iliyotumika miaka mitano bila kusafishwa, uitoe feni, uangalie penye mapezi membamba ya shaba au alumini ambako hewa ya moto ilipaswa kupitia: utakuta vumbi limejisuka pamoja na nyuzi za nguo na nywele mpaka limekuwa kama kipande cha blanketi, na hewa haina njia. Prosesa, yaani ubongo wa mashine, ikikaribia nyuzi 100 za joto hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, na mwenyewe, asiyeona joto bali aona uvivu, husema mashine imezeeka. Blanketi lile hutolewa kwa mkono na brashi laini. Feni ipulizwapo, mapanga yake hushikwa kwa kijiti yasizunguke ovyo, kwani kuzungushwa kwa nguvu za upepo huharibu beringi yake. Kisha hufika zamu ya pesti ya kupitishia joto, ile iliyo kati ya prosesa na bamba la shaba, ambayo kwa miaka hukauka ikawa ngumu: hufutwa yote kwa kitambaa na spiriti safi, ikatiwa mpya kadiri ya punje moja ya mchele, bamba likarudishwa. Fundi mzuri hutambulikana hapo. Parafujo za bamba lile aghalabu zimepigiwa namba, moja mpaka nne, na fundi mzuri huzifuata namba zile, akakaza kila moja kidogo kidogo kwa kupokezana, ili bamba lilale sawa. Fundi wa haraka hukaza moja hadi mwisho kwanza, na upande mmoja wa prosesa ukabaki hauna mguso.

Ya betri nitayasema kwa ufupi. Betri ya lithiamu ikishachajiwa kamili mara 300 hadi 500 huwa imepoteza sehemu ya uwezo wake, nayo hubadilishwa, haitibiwi. Ikivimba, isichajiwe tena, isitobolewe, isikandamizwe irudi mahali pake. Itolewe siku ile ile. Kuna pia betri ndogo ya CR2032, yenye umbo la sarafu, inayotunza saa ya mashine: ikiisha, tarehe hurudi nyuma miaka mingi, na tovuti za benki na za serikali hukataa kufunguka kwa sababu vyeti vyake vya usalama huonekana kuwa bado havijaanza kutumika. Mtu hulaumu intaneti mwezi mzima, kumbe kilichotakiwa ni sarafu ile ya volti 3.

Sasa nifikie kiini cha rai yangu. Kompyuta nilizozitaja zatengenezeka kwa sababu walioziunda walikusudia zifunguke, na kusudio hilo limeanza kutoweka. Mwezi Juni 2012, mwaka ule ule wa T430, Apple ilitoa MacBook Pro ya kioo cha Retina, ambayo RAM yake imechomelewa kwenye bodi kuu na betri yake imebandikwa kwa gundi. Ilikuwa nyembamba, nyepesi na nzuri kwa sura, na kampuni nyingine nyingi zikaishika njia hiyo. Mwenye fedha aweza kuivumilia hali hiyo. Asiyeweza ni yule anayeuziwa, kwa jina la mpya, kompyuta ya bei rahisi yenye RAM ya GB 4 iliyochomelewa, na hifadhi ya eMMC ya GB 32 au 64 iliyochomelewa vile vile, ambayo Windows yenyewe ikikaa ndani yake haibakizi nafasi hata ya kupokea masahihisho yake. Mashine hiyo ina dhamana ya mwaka mmoja na sanduku linalong'aa, lakini siku ikizidiwa haina pa kuongezewa, na siku eMMC ikifa hufa pamoja na bodi nzima. Mimi nasema bila kusita kwamba mzazi amnunuliaye mwanawe T430 iliyotumika, yenye SSD na GB 8, amemtendea mema kuliko yule amnunuliaye mpya ya aina ile.

Wapo watakaonijibu kwa hoja ya usalama, na hoja yao ina uzito. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 yataka kijenzi cha usalama cha TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa za kizazi cha nane na kuendelea isipokuwa chache. T430 ni ya kizazi cha tatu, basi mlango huo imefungiwa. Lakini kufungiwa mlango wa kampuni moja si kufa. Linux Mint hupatikana bure, hupokea masahihisho ya usalama, na huja na LibreOffice na Firefox. Kwa mwanafunzi, mwandishi, na ofisi ifanyayo kazi zake kwa njia ya tovuti, yatosha na hubakiza. Ama yule ambaye programu yake ya hesabu haiendi ila kwa Windows, na atafute iliyotumika ya kizazi cha nane, kama ThinkPad T480 ya mwaka 2018, ambayo ina nafasi mbili za RAM na betri mbili, moja ya ndani na moja ya nje itokayo kwa lachi. Wala sisemi kwamba kila chuma kikuukuu kina thamani. Mashine ambayo bodi yake imeliwa na maji ya chumvi, au ambayo RAM yake ya GB 2 haiongezeki, isimpotezee mtu fedha zake.

Wala watengenezaji wa zamani sitawatakasa. Baadhi ya ThinkPad za miaka ile, ukizitia kadi ya Wi-Fi isiyo katika orodha ya kampuni, zilisimama zikaonyesha kosa namba 1802 na kukataa kuwaka, ingawa kadi ilikuwa nzima na ya kufaa. Na zile za kizazi cha T430 zilikuwa zikikataa kuchaji betri ya mtengenezaji mwingine. Mtu amenunua kitu kwa mali yake, lakini ndani yake mmebaki bawabu wa aliyemuuzia. Hilo si insafu, na sheria ndiyo ipaswayo kumwondoa bawabu huyo.

Sheria za namna hiyo zimeanza kutungwa, ingawa kwa sasa zatungwa mbali nasi. Kanuni ya betri ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 yaagiza kwamba tangu tarehe 18 Februari 2027 betri za vifaa vidogo vichukulikavyo, isipokuwa vichache maalumu, ziweze kutolewa na mtumiaji mwenyewe. Nchini Marekani, kampuni ya Framework imekuwa ikiuza tangu mwaka 2021 kompyuta nyembamba ambayo kila kipande chake hubadilishwa kwa bisibisi moja inayokuja ndani ya sanduku, jambo linalovunja madai kwamba wembamba na matengenezo havikai pamoja. Haya yatuhusu moja kwa moja, kwa kuwa kompyuta zinazouzwa Kariakoo na katika mitaa ya vifaa vya umeme ya Nairobi na Mombasa nyingi zilianza maisha katika ofisi za Ulaya. Utaiona moja ingali na karatasi ya namba ya mali ya kampuni iliyoimiliki, au kibodi ya Kijerumani iliyobandikwa herufi za Kiingereza juu yake. Namna zinavyofungwa au kufunguka huko leo ndivyo tutakavyozipokea sisi miaka michache ijayo. Na zisipotengenezeka, ni kwetu zitakakozikwa: ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 ilikadiria kuwa taka za vifaa vya umeme duniani zilifikia tani milioni 62 mwaka 2022, na asilimia 22.3 tu ndizo zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa kwa utaratibu.

Kwa hiyo maneno yangu nawaelekezea kwanza wale watiao saini hati za manunuzi katika wizara, halmashauri, vyuo na shule. Kila tangazo la zabuni ya kompyuta na liandikwe kwa uwazi kwamba RAM itoke, diski itoke, betri itoke kwa bisibisi ya kawaida, na vipuri vipatikane kwa miaka isiyopungua saba. Muuzaji asiyeweza, asipewe kazi. Pili, nawaelekezea wenye stoo. Kabla ya kuandika barua ya kuomba mpya, zilizopo zifunguliwe, kwa kuwa mbili zilizokufa aghalabu hutoa moja nzima, na zile ambazo kweli zimekwisha zipelekwe kwa wenye leseni ya kushughulikia taka za kielektroniki, zisichomwe nyuma ya jengo. Mwalimu mkuu aliye na chumba kilichojaa kompyuta zilizotiwa vumbi na akifungue wiki hii, amwite fundi aliye karibu naye, na waanze na diski.