Ati Mpiga Ngoma Tu!

Wapo wenzetu wasemao ati Bob Marley wa Jamaika alipigania uhuru, lakini Chano Pozo wa Cuba alikuwa mpiga ngoma tu. Twakataa! Marley twamheshimu: Aprili 1980 aliimba uwanjani Rufaro, Zimbabwe ilipopata uhuru. Na Pozo je? Mwaka 1947 aliingia bendi ya Dizzy Gillespie, New York, na ngoma za wajukuu wa watumwa wa Kiafrika, zile walizoziita mabwana ushenzi, akazipiga hadharani katika Carnegie Hall. Kiingereza hakukijua sawasawa. Alisema kwa mikono. Je, mpaka mtu ahutubie ndipo mkiri kwamba amesema? Aliuawa kwa risasi Harlem, Desemba 1948, akiwa na miaka 33 tu.