Kengele Ikizoeleka

Komredi, ukisikia usalama wa nyuklia unawaza nini? Wengi wetu tunawaza kuta nene, kamera na askari wenye bunduki. Mimi nasema tuanze na mazoea ya watu.

Chukua kisa cha Y-12, kituo cha Oak Ridge, Tennessee, nchini Marekani, kunakohifadhiwa urani ya kutengenezea silaha. Alfajiri ya 28 Julai 2012, wanaharakati watatu wa amani walikata uzio baada ya uzio hadi wakafika kwenye ukuta wa ghala lenyewe. Mmoja wao, Sista Megan Rice, alikuwa na miaka 82! Walibeba nyundo, rangi na chupa za damu.

Kengele zililia. Lakini kengele za uongo zilikuwa nyingi mno pale, nyingine zikisababishwa na wanyama tu, hadi walinzi wakazizoea. Kamera ambayo ingewaonyesha ilikuwa mbovu kwa miezi. Na walinzi waliosikia nyundo zikigonga ukuta walidhani ni mafundi wako kazini. Yaani kila mtu alikuwa na sababu yake ya kutoshtuka.

Kuna watakaosema, mfukuzeni mlinzi mambo yaishe. Askari wa kwanza kufika alifutwa kazi kweli. Lakini je, ni yeye aliyeacha kamera ikae bila kutengenezwa? Ukimfukuza mtu na ukayaacha mazoea, atakayekuja atayarithi.

Hili linatuhusu. Kenya inapanga kujenga kinu cha nyuklia, na mjadala wa Uyombo, Kilifi, umekuwa wa ardhi, bahari na mionzi. Ni haki. Mimi naongeza swali: mfanyakazi wa chini akiona kamera mbovu, atathubutu kumwambia mkubwa? Au ataitwa mchochezi?

Wahandisi wa kinu hicho wako madarasani sasa hivi. Na hapa chuoni, kengele ya moto ikilia hosteli, nani anainuka kitandani? Mlinzi akiomba kitambulisho, si tunamfokea, "Kwani hunijui?" Tabia hiyo haiishi siku ya mahafali.

Kwa hiyo chama chetu kidai kengele mbovu zitengenezwe, na anayeripoti kasoro alindwe. Nasi, mlinzi akiuliza kitambulisho, tutoe bila maneno. Anafanya kazi yake.